Wiki ya Ssekukkulu ukweni Bombo

Jumatatu, 23 Desemba

Tumeondoka Bukoba na basi la alfajiri, mimi na mke wangu, watoto tumewaacha kwa bibi yao. Yeye anakwenda nyumbani kwao Bombo, Uganda, baada ya miaka minne. Mimi nakwenda ukweni, na hizo ni safari mbili tofauti hata kama tumekaa bega kwa bega.

Kazi yangu ni mitambo ya muziki kwenye harusi na mikutano: kufunga spika, kuvuta nyaya, kukaa nyuma ya mikisa ya sauti, kulaumiwa. Kwetu hii ndiyo wiki ya mavuno, ila mwaka huu vyombo nimemwachia kijana wangu. Nimesema nami nikae upande wa wasikilizaji, nione wenzetu wa Uganda wanavyostarehe kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya. Tena kuna ngoma naitafuta.

Mutukula watu walikuwa kama siafu. Kituo ni kimoja kwa nchi zote mbili, kwa hiyo unapanga foleni mara moja tu, lakini mara hiyo moja ilikula saa mbili. Dada wa kubadilisha fedha alinihesabia noti kwa Kiswahili safi, kisha akamgeukia mwenzake na kumwambia kwa Luganda kwamba huyu mzee bei ya leo haijui. Kihaya changu kilitosha kuelewa. Nikamjibu kwa Kihaya, akaficha uso kwa mtandio, akaniongezea elfu tatu.

Tulipovuka Masaka na kupita mstari wa ikweta pale Kayabwe, nilimwomba dereva atushushe Mpambire, karibu na Mpigi. Ukipita barabara hii utapaona tu: ngoma zimepangwa kando ya lami kuanzia za kuchezea watoto hadi zile ambazo mtu mzima anaweza kujificha ndani. Nyuma ya vibanda kuna magogo yaliyotobolewa katikati, na ngozi za ng'ombe zimewambwa chini kwa vigingi, zinanuka kama zinavyonuka ngozi mbichi popote duniani. Mke wangu alikaa mbali na mizigo, amejifunika pua na kanga.

Fundi niliyemwendea ni mzee. Aliposikia matamshi yangu akaacha patasi akasema, "Mukombozi!" Huku ndivyo walivyowaita wanajeshi wetu wa 1979, bakombozi, waliopita barabara hii hii kutoka Mutukula kwenda kuingia Kampala. Kiswahili chake alikiokota kwao akiwa kijana, akiwauzia ndizi na sigara, na hakijabadilika tangu siku ile. Kila sentensi ni amri. "Kaa hapa. Angalia hii. Piga!"

Nilichokuwa nataka ni ngalabi, ile ndefu nyembamba inayopigwa kwa viganja. Akanitolea mbili. Ya kwanza imewambwa ngozi ya kenge, ya pili ya mbuzi. Ya kenge ukiigusa tu inapasuka, sauti kavu, fupi, haina mkia. Ningekuwa na maikrofoni ningeiweka mbali mita nzima. Ya mbuzi ni laini zaidi, inatoa sauti kisha inajutia. Nikaishika ya kenge. Mzee akainyang'anya. "Wewe navuka mpaka? Kenge ni mnyama wa serikali. Watakusumbua." Ana haki, biashara ya ngozi za kenge kati ya nchi na nchi inataka vibali, na mimi cheti changu pekee ni cha ndoa.

Basi akanionyesha mbuutu, ngoma pana iliyofungwa ngozi ya ng'ombe juu na chini, kamba za ngozi zikipanda na kushuka ubavuni kama mishipa. Nilipoitikisa ikagonga kwa ndani. Nikadhani imevunjika. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Omutima," akasema. Moyo. Kabla ya kufunga ngozi ya pili fundi hutumbukiza kitu kidogo ndani, mbegu au kijiwe, la sivyo ni gogo tu lililovaa ngozi. Nikamwambia anitengenezee moja ya ukubwa wa kati, nikalipa nusu ya bei, tukakubaliana nitaipitia tarehe 31.

Kutoka hapo hadi Kampala sina la kueleza zaidi ya foleni. Kampala nzima ilikuwa inatoka kwenda vijijini, sisi tunaingia. Takisi, yaani hizi hiace zenye mistari ya bluu, nauli imepanda maradufu na hakuna anayebishana. Bombo tulifika saa tano usiku.

Jumanne, 24 Desemba

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo shikamoo yenu bado mnayo tu?"

Mama mkwe anapenda kunichokoza kwa hilo. Wao ni Wanubi, na mji huu wa Bombo, kaskazini ya Kampala kwenye barabara ya Gulu, umezungukwa na kambi ya jeshi na historia yao. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha. Mwaka 1891 Lugard, kapteni wa Kiingereza, akawachukua kuwa jeshi lake, wakaingia Uganda na wake zao, dini yao na lugha yao. Hapa nyumbani Kinubi ni cha chumbani, Kiswahili ni cha sebuleni, Luganda ni cha sokoni. Asubuhi shangazi wa mke wangu alinipima: "Ita kweis?" Nikajibu "Ana kweis," nikawa nimemaliza Kinubi changu chote.

Shangazi huyo anasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya duara ambavyo kwao havikosekani kwenye ukuta wa nyumba yenye heshima. Nilikaa naye karibu saa nzima. Anaanza katikati, kitovu kidogo kama kifungo cha shati, kisha anazungusha nyasi huku akizifunga kwa uzi wa rangi, duru moja, ya pili, sindano ikiingia kati ya nyuzi za duru ya nyuma. Hana mchoro. Zambarau ikifika mahali fulani inakuwa njano, na ukimwuliza amejuaje kwamba ni hapo, anakutazama kana kwamba umeuliza mate yanatoka wapi. Moja kubwa humchukua wiki kadhaa. Anaowauzia mjini huitundika ukutani kama picha. Yeye jambo hilo linamchekesha, maana kwake ni kitu cha kuzuia nzi.

Jioni kulikuwa na harusi nyumba ya tatu. Wanawake wamevaa gurbaba za rangi kali, manukato ya udi hadi barabarani. Walikuwa wamekodi spika mbili kubwa na jenereta, na ilipofika saa moja spika zikakata. Shemeji zangu wakapiga kelele, "Fundi yupo! Mwiteni bwana harusi wa Tanzania!" Bwana harusi wa miaka kumi na mitatu iliyopita, lakini haya. Nikavua koti nikaingia kazini. Ilikuwa plagi ya waya wa ishara, imekatika kwa ndani pale inapokunjwa, ugonjwa wa siku zote. Nikaikata, nikaimenya kwa meno, nikaisokota.

Nilipoinua kichwa, hakuna aliyekuwa ananisubiri. Wanawake walikuwa wameanza doluka. Ngoma mbili, mtu mmoja anaimba kwa Kinubi, wengine wanaitikia na kupiga makofi, miguu inaburuzwa hatua fupi fupi mpaka vumbi la uani limesimama kiunoni. Mashairi yalikuwa yanamtaja kila mtu kwa zamu, bibi harusi, mama yake, mjomba aliyeahidi mbuzi na hajaleta. Mjomba alikuwepo. Nilisimama na waya wangu mkononi, mzima kabisa, hauna kazi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi kwa Luganda ni Ssekukkulu. Nimekuwa nikilisikia neno hili tangu utotoni mpakani na sikuwahi kulitazama usoni. Ni sikukuu. Ni neno letu hilo hilo, limepita midomo mingine likarudi limenenepa. Nilipomwambia muuza duka wa jirani, Mganda, akakataa katakata. "Sisi Kiswahili hatujui, ssebo." Alikuwa amekaa kwenye meeza, ananirudishia ssente, redio inasema ni ssaawa nne.

Na redio yenyewe tangu asubuhi ni sauti moja. Philly Lutaaya alifariki Desemba 1989, mwaka ule ule alioutangazia umma kwamba ana virusi vya Ukimwi, wakati ambapo hakuna mtu maarufu Uganda aliyethubutu. Kabla ya hapo, akiwa Sweden, alikuwa amerekodi albamu nzima ya nyimbo za Krismasi, nyingi kwa Luganda. Tangu hapo Waganda hawajaona sababu ya kutafuta nyingine. Kinyozi anaipiga, bodaboda anaipiga, kanisani wakitoka wanaikuta barabarani. Kiufundi ni rekodi ya enzi zile, kinanda kinang'aa mno na besi imerudi nyuma. Lakini kila spika mbovu ya Bombo inaibeba vizuri, na hilo nalipa heshima. Muziki unaosikika sawa kwenye simu iliyopasuka kioo si kazi ya kubahatisha.

Ulaya huko wiki hii wanakoka moto na kukoroga theluji. Hapa masika madogo yamekwisha, vumbi jekundu limeanza, na majirani Wakristo wametuletea luwombo ya kuku, kila mmoja na mfuko wake wa jani la mgomba lililobabuliwa moto. Ukifungua, mvuke unakupiga kwanza harufu ya karanga. Sitasema zaidi, nitaonekana nilifuata chakula.

Usiku shemeji mdogo alinipeleka kibandani. Kibanda, kwa Luganda cha siku hizi, ni jumba la kuonyeshea video: mabati, mabenchi, televisheni moja kubwa, spika juu ya kreti za soda. Neno letu tena. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, mabastola na helikopta, lakini Kiingereza chake hakuna aliyekisikia kwa sababu juu yake kulikuwa na VJ. Huyu ndiye mfalme wa burudani ya mtaani Uganda. Anatafsiri, anatania, anawapa wahusika majina ya Kiganda, anasema mpelelezi ameteremkia stendi ya Kawempe. Sisi Tanzania tulikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, ila huku kazi imekuwa kubwa kiasi kwamba watu huuliza filamu imetafsiriwa na VJ gani kabla ya kuuliza nani anaigiza. Kule Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana anatengeneza filamu zake za mapigano mtaani kwake kabisa, na VJ wamo humo tangu mwanzo, wanasifia picha wakati inaendelea.

Sauti ilikuwa mbaya kwa ustadi. Kila VJ akifungua mdomo sauti ya filamu inazamishwa, akinyamaza milipuko inarudi na kukupiga kifuani. Nikajikuta naangalia swichi isiyokuwepo.

Kitu kimoja kilinikaa. Polisi wa Chicago alizungumza Luganda. Mama yake, Luganda. Jambazi alipofungua mdomo, VJ akampa Kiswahili: "Lala chini! Toa pesa!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Shemeji akanitazama kwa jicho la pembeni. Nyumbani nikamsimulia mama mkwe, yeye hakucheka sana. Akasema watu wa umri wake Kiswahili walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa Amin, usiku, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. "Na mwenye bunduki wakati mwingine alikuwa mtoto wa humu humu Bombo," akaongeza, akaenda kuzima taa.

Alhamisi, 26 Desemba

Kivvulu. Ndivyo wanavyoliita tamasha la muziki la uwanjani, na tarehe 26 Uganda nzima ni bivvulu, kila mji wenye uzio na jukwaa. Tulikwenda kimoja kando ya ziwa, sitataja wapi wala cha nani. Bango lilisema saa kumi jioni. Saa kumi jioni nilimkuta fundi mwenzangu yuko juu ya ngazi anatafuta waya.

Nitamtetea, kwa sababu najua. Walimpa spika za uwanja wa nusu ukubwa, jenereta moja, na wasanii ishirini wa kutangulia ambao kila mmoja alikuja na rafiki wa kumshikia simu. Hakuna aliyepewa muda wa kupima sauti. Lakini nyota wa usiku ule simtetei. Alifika saa tisa alfajiri kwa msafara wa magari matano, akapanda jukwaani, akafungulia wimbo wake uliorekodiwa, sauti yake mwenyewe imo ndani, akawa anaruka na kuinua maikrofoni kwa hadhira kila alipopungukiwa pumzi. Nyimbo nne. Akashuka. Watu wamesimama kwa muda wa saa kumi na moja, wengine na watoto mgongoni, na tiketi yangu ilikuwa bei ya ndama.

Cha kusema ukweli, hadhira ndiyo iliyoimba. Kila neno. Ukiwazima wale vijana wa mbele usingesikia wimbo. Mke wangu, ambaye yeye alicheza usiku kucha na hajutii hata dakika, anasema mimi nalalamika kama mpishi aliyealikwa kwenye karamu.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimelala. Nimeswali Ijumaa. Nimelala.

Jumamosi, 28 Desemba

Kampala mjini na mke wangu, kwanza Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho. Ulifunguliwa 1959, na ule ukuta wake wa mbele wenye matundu umekuwa uso wa sanaa za jiji tangu siku hizo. Nyuma yake kuna kijiji cha kazi za mikono, vibanda vya vikapu, mikufu ya karatasi na lubugo.

Lubugo ni kitambaa cha gome. Wanachuna gome la ndani la mti wa mutuba, wanalipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka kipande chembamba kinapanuka na kuwa shuka la rangi ya udongo uliochomwa. Shina wanalifunga majani ya mgomba lisikauke, na mti huota gome jipya. UNESCO waliitangaza sanaa hii kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Muuzaji alitaka ninunue kofia. Nikamwomba tu nishike kipande kibichi kisichoshonwa. Kina uzito wa kanga mbili, ukikisugua kinanong'ona, na ukikinyoosha juani unaona mahali ambapo fundi alishona tundu kwa uzi wa gome lenyewe, mshono mdogo kama kovu la ndui. Waganda hufungia maiti zao kwa hiki. Wanakivaa pia kwa shangwe za kifalme, kwa hiyo usiogope ukikiona kwenye arusi.

Kisha tukaingia kutazama katemba, mchezo wa jukwaani wa Luganda, kuhusu mzee aliyefufuka katikati ya kugawa mirathi yake. Ukumbi haukujaa, kwa sababu nusu ya jiji iko kijijini. Waigizaji hawakuwa na maikrofoni za mwilini. Walirusha sauti zao, na zilifika. Kila mtu akiketi kwenye viti vile afahamu kwamba Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mkurugenzi wa ukumbi huu, alichukuliwa na watu wa Amin humu humu mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi na kikundi chake kutoka tamasha la Lagos, akauawa. Mchezo wake ulikuwa na jogoo ndani, na watawala walijiona katika jogoo. Sikuona watu wa usalama leo. Niliona bibi mmoja mstari wa mbele anayejibizana na waigizaji kwa sauti, na mzee aliyefufuka akimjibu kabla ya kurudi kwenye maneno yake.

Jumapili, 29 Desemba

Kituo cha Ndere, upande wa Ntinda na Kisaasi. Ndere ni filimbi. Kikundi kilianzishwa 1984 na Stephen Rwangyezi, wakati ambapo wazazi wengi hawakutaka kusikia mtoto wao anacheza ngoma badala ya kusoma. Leo Jumapili jioni ni familia, watalii, wachumba, Waganda wa Ughaibuni waliorudi kwa likizo na watoto wasiojua Luganda. Mshereheshaji anawasalimia watu kwa lugha moja moja. Kilipofika Kiswahili tukaitika watu wachache, kisha ikabainika kwamba walioelewa mzaha uliofuata ni ukumbi mzima.

Walicheza larakaraka ya Waacholi, vibuyu nusu vikipigwa kwa vijiti vya chuma mpaka meno yanauma. Walicheza runyege ya Watoro na Wanyoro, njuga zimefungwa miguuni, kwa hiyo mchezaji na mpiga ngoma ni mtu mmoja. Adungu za Waaluri, vinanda vya upinde kuanzia kimoja cha mapajani hadi kingine kikubwa kama mtumbwi uliosimamishwa. Wasichana wakajitwika vyungu, kimoja juu ya kingine, na walipofika vya saba mke wangu akaacha kutafuna.

Bakisimba ya Waganda ilikuja na mbuutu mbili, na mimi nikasogea mbele kwa sababu hiyo ndiyo ngoma yangu. Kiuno cha mchezaji kimefungwa ngozi yenye manyoya marefu ili tetemeko dogo lionekane kubwa, lakini miguu chini inateleza pole pole kana kwamba haihusiki. Wanasimulia kwamba mfalme mmoja alilewa pombe ya ndizi akaanza kuwasifu walioipanda, abaakisimba, huku anayumba, na watu wakaziiga hatua zake, maana nani atamwambia mfalme amelewa. Sikiliza ngoma ya chini: inasema neno lile, ba-ki-si-mba, ba-ki-si-mba.

Lakini kilichoniweka macho usiku ni amadinda. Hakuna kitu cha ajabu kukitazama. Mapande 12 ya mti wa lusambya yamelazwa juu ya magogo mawili mabichi ya mgomba, yametenganishwa kwa vijiti, yanagongwa kwenye ncha. Wapigaji watatu. Wa kwanza anaanza, pigo moja moja zilizo sawa. Wa pili, anayemkabili, anaingiza pigo zake katikati ya zile, sawa sawa, kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Kasi inakuwa maradufu na hakuna mmoja wao aliyekimbia. Hapo inazaliwa sauti ya tatu, wimbo ambao ukimtazama wa kwanza haupigi, ukimtazama wa pili haupigi. Mpigaji wa tatu, mwenye mapande mawili tu ya juu, kazi yake ni kuufuata ule wimbo wa noti mbili za chini na kuurudia juu, kama mtu anayeonyesha kwa kidole: huo hapo, umesikia?

Miaka kumi na minane nimekuwa nikitenganisha sauti. Hiyo ndiyo kazi, kila chombo na njia yake, gitaa lisiingie kwenye ngoma. Na hawa wamejenga kitu ambacho ukikitenganisha kinatoweka. Nilitoka nikawafuata baada ya onyesho. Nikawauliza kama wanaweza kupiga polepole. Wakapiga. Polepole wimbo haupo. Ni watu wawili wanagonga mbao.

Wanamuziki wa namna hii walikuwa wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Waganda, pale Mengo, pamoja na wapigaji wa entenga, ngoma 15 ambazo 12 kati yake zimepangwa kwa sauti kama kinanda. Mei 1966 jeshi lilipoishambulia ikulu, wakatawanyika. Wengine hawakupatikana tena, na vyombo vikaungua. Ufalme ulirudishwa 1993. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na wazee wachache waliokuwa wanakumbuka mikononi.

Jumatatu, 30 Desemba

Siku ya kuaga. Mama mkwe amenipa tabaga ya zambarau na njano, na onyo nisiitumie kama kofia.

Kwenye takisi kwenda kununua mahitaji dereva alikuwa na kadongo kamu, maana yake kigitaa kimoja: mtu, gitaa, na hadithi ndefu ya kifo, mapenzi au wivu, dakika kumi na tano bila kiitikio. Paul Kafeero, marehemu tangu 2007. Abiria wote walikuwa kimya wanasikiliza habari wanayoijua mwisho wake. Tulifika kituoni, dereva akazima injini, hakuzima redio, na hakuna aliyeshuka mpaka wimbo ulipokwisha.

Jumanne, 31 Desemba

Mpambire saa nne asubuhi. Mbuutu yangu ilikuwa tayari isipokuwa ngozi ya juu, na mzee alikuwa ameiacha hivyo makusudi. Akaniita. Ndani ya ngoma ni giza na harufu ya mti mbichi. Akafungua kiganja, mbegu moja nyeusi, ngumu, ukubwa wa punje ya mahindi. Akanipa mimi niitumbukize. Ikagonga chini mara mbili ikatulia. Kisha akafunika kwa ngozi iliyolowa, yeye na mjukuu wake wakavuta kamba kwa zamu, huyu anavuta, yule anakanyaga, mpaka jasho likawa linadondokea ngozi. "Weka jua siku tatu. Usipige leo!" Nikasema ndiyo, afande. Akafurahi sana.

Mutukula tulifika giza limeshaingia. Upande wetu wa ukaguzi, afisa wa forodha, dada mdogo aliyechoka, alifungua mabegi, akapita tabaga, akainua ngoma. Ikagonga. Akaitikisa tena karibu na sikio.

"Kuna kitu humu."

"Ni moyo."

"Moyo wa nani?"

Nikaeleza. Mke wangu akajifanya hanijui. Afisa akasema ngozi ifunguliwe, nami nikawa nakokotoa siku tatu za jua na nguvu za yule mzee, koo limekauka. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Mama mmoja wa Kihaya mwenye mkungu wa ndizi akasema kwa sauti kwamba ngoma isiyo na omutima hata kwao Kiziba hawaipigi, na kama serikali inataka kuufungua iulize kwanza wazee. Afisa akamtazama mama, akanitazama mimi, akaitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki saa tatu mwaka uishe.

"Ipige," akasema.

Nikasahau agizo. Nilipiga kidogo tu kwa ncha za vidole, ba-ki-si-mba, ngozi ikiwa bado mbichi, sauti nzito na ya maji, na chini yake ile mbegu inajibu kwa kuchelewa. Dada akavuta daftari akaandika, nami nilisoma kichwa chini miguu juu: ngoma moja, ina kitu ndani.